Kubuni askari wa farasi kwa vita ya Lego mezani, kuanzia kwato hadi Kondoa ya 1916

Ukimweka askari wa plastiki juu ya farasi na kumwongezea inchi za kutembea, bado hujabuni kikosi cha farasi. Umebuni askari wa miguu mwenye mbio. Farasi mezani ni kiumbe wa pili: ana uzito wake, woga wake, maradhi yake na kifo chake. Mchezo unanoga pale wawili hawa wanapoweza kutengana katikati ya vita. Mpandaji akianguka, ainuke na upanga wake apigane kwa miguu. Farasi aliyefiwa na bwana wake atoke mbio ovyo, na askari wa upande wowote aweze kumkamata. Kila ninachoeleza hapa, kuanzia miguu ya farasi hadi bei yake, kinatokana na hilo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma, kwetu ni Kondoa. Jumapili mchana meza yangu ya kukatia vitambaa huwa uwanja wa vita vya Lego, yale matofali madogo ya plastiki ya kuchezea, mimi na wapwa zangu. Tunatumia dadu za kawaida za pande 6, na tunapima kwa futi kamba ya kazini, upande wa inchi. Michezo mingi ya aina hii hupima kwa inchi, ikiwemo BrikWars ambayo kanuni zake zinapatikana bure mtandaoni. Kanuni ninazozitaja hapa chini ni zetu wenyewe, tumezitunga na kuzirekebisha tukicheza. Zichukue kama zilivyo au uzibadilishe, ila usiguse ile nguzo ya farasi na mtu kuwa viumbe wawili.

Farasi mwenyewe

Lego walitoa farasi wao wa kipande kimoja mwaka 1984, pamoja na seti za ngome na askari wa mikuki. Mwaka 2012 akaja mwingine anayeweza kuinuka kwa miguu ya nyuma. Wote wawili wanambeba mpandaji kwa namna moja: miguu ya yule askari wa plastiki haipanuki kwenda kando, kwa hiyo hawezi kukaa kama mtu anavyokaa juu ya farasi wa kweli. Anasimama wima ndani ya nafasi iliyoachwa mgongoni, na kwa kuwa kiwiliwili cha farasi ni chembamba, macho yanaona mtu aliyekaa.

Tatizo ni kupata farasi hao. Mimi matofali yangu nayapata kwenye mitumba ya midoli, kwa mafungu yaliyochanganyika. Humo farasi ni adimu, na hata akitokea anakuwa mmoja, na kikosi cha farasi mmoja si kikosi. Ndiyo maana napenda farasi wa kujenga: ukishajua kumjenga mmoja, unajenga kumi na wawili wanaofanana kwa vipande ambavyo hakuna anayevigombania.

Vipimo kwanza. Kutoka kinundu hadi kinundu, yaani vile vitufe vya juu ya tofali vinavyoshika tofali jingine, ni milimita 8. Tofali lina kimo cha milimita 9.6, na bapa, yaani kile kipande chembamba, lina milimita 3.2, hivyo bapa 3 ni sawa na tofali 1. Askari mwenyewe ana kimo cha sentimita 4 hivi. Ukishika namba hizi kichwani unaweza kuchora farasi kwenye karatasi ya miraba kabla hujagusa ndoo ya matofali.

Kiwiliwili ni bapa la vinundu 2 kwa 6. Chini yake weka miguu minne ya matofali ya 1 kwa 1, kila mguu matofali mawili. Miguu ya nyuma ikae safu ya mwisho kabisa, ya mbele ikae safu ya pili kutoka mbele, ili kifua kitokeze kidogo. Kifua kikitokeza, farasi anaonekana anakwenda. Miguu ikikaa kwenye pembe zote nne unapata meza. Juu ya bapa, safu mbili za mbele zipate tofali la 2 kwa 2, ambalo ndilo kifua, na safu mbili za nyuma zipate jingine, ndilo tako la farasi. Safu mbili za katikati ziache wazi. Hapo ndipo mpandaji anaposimama, kwenye safu ya nyuma ya shimo hilo, ili ncha za miguu yake zipate nafasi mbele. Mgongo wa farasi unakuwa kwenye kimo cha milimita 32, na kichwa cha mpandaji kinafika kama milimita 62 kutoka chini.

Shingo ndiyo sehemu inayohitaji akili. Shingo ya upana wa vinundu 2 inagongana na mikono ya mpandaji, na mkuki haupiti. Lazima iwe ya upana wa kinundu 1, tena katikati kabisa, wakati kifua kina vinundu 2. Utatatua hilo kwa mabapa ya 1 kwa 2 yenye kinundu kimoja tu katikati. Weka mawili kwa kukingama juu ya kifua, moja mbele ya jingine, halafu bandika tofali la 1 kwa 2 likielekea mbele juu ya vile vinundu viwili vya katikati. Kwa sababu limeshikwa sehemu mbili, halizunguki. Juu yake weka tofali jingine la 1 kwa 2 ukilisogeza mbele kinundu kimoja: hicho ni kichwa. Ukiwa na la mteremko, pua itaonekana vizuri zaidi. Bapa la 1 kwa 1 nyuma ya kichwa linatosha kuwa masikio.

Mkia mimi naufanya kwa nyuzi za cherehani, nyuzi kama kumi zilizokunjwa na kubanwa kati ya tofali la tako na bapa moja juu yake. Tumia nyuzi nyembamba. Uzi wa sweta unapendeza zaidi machoni lakini ni mnene, unainua bapa, na kila ukimshika farasi linachomoka.

Usitumie gundi mahali popote kwenye kiungo cha mtu na farasi. Ukimgundisha mpandaji umeua kanuni nzima. Kama matofali yako ni yale yasiyo na chapa na hayashikani vizuri, yale yanayoshika vizuri yatumie kwenye miguu ya farasi, kwa sababu hapo ndipo uzito wote unapotua.

Kitako

Simamisha kila farasi juu ya bapa la 4 kwa 8. Hilo ni milimita 32 kwa 64, takriban inchi moja na robo kwa mbili na nusu. Kitako ni cha kumzuia asianguke, na pia ndicho unachokishika unapomsogeza. Usimshike mpandaji kichwani. Ila kazi yake kubwa zaidi ni kuamua ni maadui wangapi wanaoweza kumgusa.

Tazama hesabu yenyewe. Askari wa miguu, ukimpima nyayoni, ana upana wa milimita 16. Kwa hesabu ya nyayo, mbele ya kitako cha farasi wanaenea askari 2 tu. Ubavuni, penye milimita 64, wanaenea 4. Bila kuandika kanuni yoyote ya ubavu, umeshapata farasi anayetisha akija uso kwa uso na anayepata shida akizungukwa. Mpwa wangu mkubwa aliligundua hilo mapema, akawa anaacha askari wachache wa kafara mbele ya farasi wangu na kuwaleta wengine kutoka pembeni. Ndivyo vita vya farasi vilivyokwenda kweli: farasi aliyesimama ameshapoteza silaha yake.

Kwa hiyo vikosi vyako usivipange kitako kwa kitako. Acha angalau inchi moja kati ya farasi na farasi, ili akianguka mmoja pawe na mahali pa kumlaza.

Mbio, mgongano na woga

Kwetu askari wa miguu anakwenda inchi 5 kwa zamu. Farasi mwepesi anakwenda 10, farasi aliyevikwa deraya, yaani vazi la kumkinga vitani, 8. Anaweza kugeuka apendavyo akiwa anakwenda matiti, yaani nusu ya inchi zake. Akitaka kwenda shoti, inchi zote, anageuka mara moja tu mwanzoni, kisha anakwenda moja kwa moja.

Kushambulia kwa shoti kunahitaji angalau inchi 4 za njia iliyonyooka kabla ya kumgusa adui. Mapigo yetu ya kawaida ni dadu moja, na 4 kwenda juu inapata. Anayefika kwa shoti akiwa na mkuki anatupa dadu mbili na kuchagua iliyo kubwa. Nafasi yake inapanda kutoka asilimia 50 hadi 75. Hiyo ni kwa pigo la kwanza tu. Zamu inayofuata anapigana kwa dadu moja kama mtu yeyote, na farasi wake anakwenda nusu kwa sababu ametweta. Mchezaji mzuri wa farasi anajulikana hapa: anapiga, anatoka, anajipanga upya mbali. Asiye na subira anabaki kwenye msongamano, na ule ubavu wa milimita 64 unamponza.

Usisahau woga. Farasi wa kweli hajitupi juu ya ukuta wa ncha za chuma. Huko Waterloo mwaka 1815, wapanda farasi wa Ufaransa chini ya Ney, jemadari wa Napoleon, walishambulia tena na tena askari wa miguu waliojipanga miraba, visu vya bunduki vikielekezwa nje, na miraba haikuvunjika. Kwetu, askari wa miguu 4 au zaidi waliosimama bega kwa bega wakiwa na mikuki au visu vya bunduki wanamlazimisha kila farasi atupiwe dadu kabla ya kugusa. Ikitoka 1 hadi 3, anakataa na kusimama inchi 1 mbele yao. Hapo ndipo tembo anapoingia kama ukipenda kumjenga, kwa kanuni moja ya ziada: hawezi kugeuka kabisa akishaanza mbio. Scipio, jemadari wa Roma, huko Zama mwaka 202 kabla ya Kristo aliacha njia kati ya vikosi vyake, na tembo wengi wa Hannibal wa Karthago wakapita humo.

Sasa kuanguka. Mpanda farasi akipatwa na pigo, tupa dadu nyingine: 1 hadi 4 ni farasi, 5 au 6 ni mtu, kwa sababu farasi ndiye mkubwa wa kulengwa. Farasi akifa, mlaze ubavu mahali pale pale. Mzoga wake ni kizuizi hadi mwisho wa vita, na askari anaweza kujificha nyuma yake. Mpandaji anatupa dadu: 1 amebanwa chini ya farasi na anapoteza zamu ijayo, nyingine zote amesimama kando na silaha yake. Akifa mtu, farasi anakimbia inchi za dadu mbili kuelekea upande ambao dadu ya tatu itaonyesha, na kila aliye njiani anasogea au anakanyagwa. Askari yeyote atakayemfikia farasi huyo akiwa amesimama anaweza kumpanda.

Niseme wazi kwamba vita vingi mezani kwetu vimeamuliwa na farasi wasio na watu kuliko mikuki.

Deraya ya kushonwa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kazi yangu na mchezo vinapokutana.

Watu wakiwaza farasi mwenye deraya wanawaza chuma cha Ulaya. Lakini katika nchi za nyika kavu kuizunguka Ziwa Chad na magharibi yake, Bornu, Bagirmi, Sokoto, wapanda farasi wazito walivaa deraya za kitambaa, na farasi naye akavikwa kitambaa kile kile: tabaka mbili za pamba, katikati zimejazwa, kisha zikashonwa mistari mistari ili ujazo usihame. Waingereza waliofika Bornu mwaka 1823, Denham na Clapperton, waliwakuta wapanda farasi hao, na kitabu cha safari yao kina mchoro wa mpiga mkuki wa Bagirmi aliyevikwa hivyo yeye na farasi wake. Makumbusho ya Uingereza huko London yana deraya moja ya farasi ya namna hiyo kutoka Sudan ya zama za Mahdi, yule kiongozi wa dini aliyeiteka nchi hiyo mwishoni mwa karne ya 19. Imejazwa sufi. Sufi hii hii tuliyokuwa tukijazia mito na magodoro. Kwa fundi wa nguo hakuna kikosi kinachostahili heshima zaidi, kwa sababu waliowakinga watu hao walikuwa mafundi wa sindano.

Kuishona kwa kipimo cha Lego ni hivi. Kata kitambaa chepesi cha pamba, vipande viwili, upana milimita 64 na urefu milimita 48, ukiongeza milimita 5 kila upande za kukunja. Upana huo unatokana na mgongo wa milimita 16 na milimita 24 za kuning'inia kila ubavu, ili kwato zionekane. Chagua kitambaa chenye maua madogo sana au mistari. Ua moja la kitenge cha kawaida linafunika farasi mzima na halionekani kuwa ua. Vile vipande vyembamba vinavyobaki kwenye kanga na mashati ya watoto ndiyo hazina.

Katikati ya vipande hivyo tia kipande kimoja cha kile kitambaa kigumu tunachoweka kwenye kola. Sufi yenyewe usijaribu: kwa kipimo hiki inavimba na farasi anakuwa kifurushi. Geuza, piga pasi, kisha pitisha mistari ya mshono kwa urefu, umbali wa milimita 5 kati ya mstari na mstari, kwa uzi wa rangi inayopingana na kitambaa. Tumia hatua fupi ya mshono. Mistari hiyo ndiyo inayomfanya mtu aliye ng'ambo ya meza ajue mara moja kwamba huyu ni farasi wa deraya.

Katikati kata tundu la mraba la milimita 16, mahali pa shimo la mpandaji, na mbele yake mpasuko hadi ukingo ili shingo ipite. Kingo za tundu zipake gundi nyeupe ya mbao, kidogo kwa ncha ya kijiti, ziache zikauke kabla ya kukata. Vinginevyo nyuzi zitafumuka vita ya pili. Mvike farasi, shusha mpandaji tunduni, na miguu yake ndiyo itakayoishikilia deraya. Haihitaji kifungo. Mpandaji akifa na kuondolewa, deraya inalegea na kuteleza upande mmoja, na farasi anayekimbia anaonekana kweli kafiwa.

Kikanuni, deraya ya kushonwa inabadilisha pigo la 4 kuwa 5 kwa mishale, mikuki na panga. Nafasi ya adui inashuka kutoka nusu hadi theluthi. Kwa risasi haibadilishi kitu. Inapunguza mbio kwa inchi 2, kama nilivyosema, na mpandaji aliyeanguka akiwa nayo anainuka kwa kutupa 3 kwenda juu. Hiyo inatosha. Ukiongeza zaidi utapata kifaru.

Ukitaka upande mwepesi wa kupambana nao, jenga wapiga mishale wa Mongolia. Farasi wao wachonge wadogo, miguu ya tofali moja na bapa mbili badala ya matofali mawili, na kila mpandaji mpe farasi wa akiba nyuma ya mstari, kwa sababu Mmongolia alikwenda vitani na farasi kadhaa. Wanapiga mishale wakiwa katika mwendo na hawapati faida ya shoti. Basi.

Bei

Kila kiumbe kiwe na bei yake na uzijumlishe. Kwetu mtu ni alama 4, farasi mwepesi 3, farasi wa deraya 5, mkuki 1, upinde au bunduki 2. Mpiga mkuki wa Bornu anafika alama 10. Askari wa miguu mwenye mkuki ni 5. Kwa alama 60 unapata wapanda farasi 6 au watu wa miguu 12.

Bei hizo zijaribu katika viwanja viwili. Cha kwanza kiwe wazi kabisa. Cha pili kijaze vichaka, mawe na kijito. Farasi wanatakiwa washinde mara nyingi kwenye cha kwanza na washindwe mara nyingi kwenye cha pili. Wakishinda kote, wapunguzie inchi kabla ya kupandisha bei, kwa sababu mwenye pesa atalipa bei yoyote lakini inchi haziongopi. Wakishindwa kote, angalia kwanza kama uwanja wako una ile njia ya inchi 4 iliyonyooka. Meza nyingi za nyumbani zimejazwa vitu hadi farasi hana pa kukimbilia.

Wanaoshuka: Kondoa 1916

Si kila aliyepanda farasi alipigana juu yake. Wengine walimtumia kufika, wakashuka, wakapiga risasi wamelala chini. Kikosi cha namna hiyo kiliingia kwetu. Aprili 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walipopigana na Wajerumani huku kwetu, katikati ya mvua kubwa, wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya van Deventer walitoka upande wa Arusha, wakapigana mlima Lolkisale mwanzoni mwa mwezi, na kabla mwezi haujaisha wakawa wameingia Kondoa Irangi. Farasi wao walikufa njiani mamia kwa mamia kwa mbung'o na maradhi mengine. Mbung'o huyo huyo ndiye aliyezifanya falme za farasi za Afrika Magharibi zibaki kaskazini kwenye nyika kavu, na ndiye sababu huku kwetu Tanzania bara hapakuwa na majeshi ya farasi. Ukimbuni farasi wa Afrika bila mbung'o, umembuni nusu.

Jenga wapandaji hawa kwa vikundi vya wanne. Farasi ni mwepesi, hana deraya. Mtu ana bunduki, hana mkuki. Kwenye vikosi vya Uingereza vya aina hii, mmoja kati ya wanne alibaki nyuma akishika hatamu za farasi wote. Kwa hiyo watu wanne wakishuka, bunduki zinazofyatuka ni tatu. Kushuka kunagharimu nusu ya mwendo wa zamu ile, na kupanda tena vivyo hivyo.

Kwa ajili ya farasi walioshikwa tengeneza kitako kimoja cha 8 kwa 16. Farasi wawili kila upande, vichwa vikielekea ndani, na mshika hatamu katikati. Farasi mwenye kichwa chake ana urefu wa vinundu 7, wawili ni 14, na vinundu 2 vinavyobaki ni vya mtu. Vinaenea sawasawa. Adui akimpiga mshika hatamu, farasi wote wanne wanatawanyika kwa kanuni ya farasi waliofiwa, na ghafla watu watatu wenye bunduki wako mbali na kwao wakiwa kwa miguu. Mpinzani mwerevu ataacha kupiga wapiganaji na kumtafuta huyo mmoja, na wewe utajifunza kumficha nyuma ya kilima.

Mbung'o usimweke ndani ya vita yenyewe. Maradhi yake yanaua kwa siku na wiki. Mweke kati ya vita. Gawa safari ya Arusha hadi Kondoa iwe hatua 4, ya kwanza iwe vita ya Lolkisale, na baada ya kila hatua mtupie kila farasi dadu moja: ikitoka 1, amekufa. Anza na farasi 12. Kihesabu, baada ya hatua 4 wanabaki kama 6. Mchezaji wa van Deventer anaanza akiwa na jeshi la mbio na anaingia Kondoa nusu ya watu wake wakitembea, na kila dadu inayotua inamuuma. Bapa jekundu juu ya tako la farasi litumike kwa anayeumwa, kama unataka kumpa nafasi ya pili: kwa hatua moja anakwenda inchi 5, kisha anatupiwa tena.

Weka wapagazi pia. Upande wowote uliokwenda vitani mwaka ule ulibebewa chakula na risasi vichwani na watu wa nchi hii, wengi hawakurudi, na meza isiyo na wapagazi inasema uongo. Kwetu kila wapagazi 2 wanalisha farasi 3 kwa hatua moja. Wasipokuwepo, farasi wasiolishwa wanakufa kwa 1 au 2.

Vita ya mwisho ni ya Mei, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliposhambulia Kondoa na kushindwa kuichukua. Mpange mtetezi kwenye vilima na farasi wowote waliosalia, na mshambulizi akiwa na askari wa miguu wa alama mara moja na nusu ya zile za mtetezi. Kwa kuwa ni usiku, hakuna bunduki inayofika zaidi ya inchi 6, na farasi hawaendi shoti. Mshambulizi anashinda akishika vilima viwili kati ya vitatu mwisho wa zamu ya 8. Mtetezi anahesabu alama 1 kwa kila kilima na alama 1 kwa kila farasi aliye hai, awe na mtu au hana.